Wanaume tunaopenda unyunyu wa tende na sukari: mwaka mzima na Khamrah ndani ya joto la Dar

Mpwani wa Ilala (mleta uzi)

Wakuu, salaam kwenu. Jambo hili nimekaa nalo tangu baada ya Idi, leo nimeona nilitoe.

Ofisini kwetu tuko watu kumi na wawili chumba kimoja, feni mbili, kiyoyozi kimekufa tangu masika. Jumatatu moja nimeingia, nimejipulizia kama kawaida yangu, dada wa mapokezi akainua kichwa: "Nani kaleta keki?" Watu wakaanza kutazamana mikononi. Mchana mkubwa wangu wa kazi, mtu ninayemheshimu sana, akanivuta pembeni akaniuliza taratibu, "Mdogo wangu, asubuhi hukushika chupa ya shemeji?" Hakuuliza kwa ubaya. Ila swali lile nilirudi nalo nyumbani, na usiku ule sikupata usingizi mzuri.

Chupa ni yangu. Ni pafyumu ya Khamrah ya Lattafa, kampuni ya manukato ya Falme za Kiarabu. Ilitoka 2022 na wenyewe wameitoa kwa wanaume na wanawake. Chupa nzito ya kioo kilichochongwa, ukiishika ni kama umeshika bilauri nene ya wageni. Ukipuliza, wa kwanza kukupokea ni mdalasini na kungumanga, kali kidogo, kama chai ya maziwa iliyokolezwa viungo. Ipe dakika kumi, tende inatoka. Siyo ile tende kavu inayogonga meno. Ni ile iliyolainika ikashika vidole, iliyokaa mpaka ikatoa asali yake. Nyuma ya tende kuna kitu Wafaransa wanakiita prali­ni, ambacho kwetu sisi ni kashata: karanga ndani ya sukari iliyoungua kidogo. Saa tano, sita mbele, kinachobaki ni vanila na manemane, na hicho ndicho kinacholala na nguo.

Sasa kwa nini nimeandika. Bibi yangu mzaa baba, Pangani, alikuwa akipika udi mwenyewe. Alikuwa na sufuria moja ya shaba ambayo haikuwahi kupikiwa chakula. Sukari inatiwa na maji ya mawaridi, moto mdogo, anakoroga na mwiko bila kuondoa macho. Ikigeuka rangi anamimina vijiti vya udi na unga wa sandali, anakoroga tena mpaka kila kijiti kivae sukari, kisha anatandaza kwenye sinia iliyopakwa mafuta. Sisi watoto tulikuwa tunagombea kukaa karibu na dirisha la jiko. Alhamisi usiku anatia vipande viwili kwenye chetezo, anafunika kikapu juu yake, na juu ya kikapu anatandaza kanzu ya babu. Ijumaa babu akipita barazani ananukia sukari iliyoungua, waridi na ukuni. Hakuna mtu Pangani aliyemwuliza kama kashika chupa ya bibi.

Kwa hiyo nasema wazi, harufu ya utamu hatukuipata kwenye maduka ya wanawake. Tulizaliwa nayo, baba na mama. Naomba kusikia kutoka kwenu: nani mwingine mwanaume anavaa hizi za matunda na sukari, anapuliza kiasi gani, na joto hili analiwezaje? Nawasilisha.

Kavuwangu

Mkuu nakuheshimu, na simulizi ya bibi imenigusa, lakini mimi siwezi. Mwanaume anukie mbao, ngozi, ndimu, upepo wa ziwa. Hizi za vanila na matunda nikizisikia najua kuna mdada kapita. Huku Mwanza ukipanda daladala unanukia biskuti watu watakugeukia. Udi ni udi, hata kama ulipikwa na sukari. Pafyumu ya keki ni kitu kingine.

Mpwani wa Ilala

Asante kwa kusema ulichonacho moyoni, ndicho nilichotaka. Nikuulize kitu kimoja. Unaijua Le Male ya Jean Paul Gaultier, ile chupa ya kiwiliwili cha mwanaume chenye mistari ya baharia? Imetoka 1995, na hakuna anayesema ni ya kike. Ndani yake kuna mnanaa na lavenda juu, lakini chini ni vanila tupu. Mwaka uliofuata, 1996, Thierry Mugler akatoa A*Men kwa wanaume, na hiyo ina kahawa na karameli waziwazi. Wanaume wamevaa sukari miaka yote hii. Kilichobadilika ni kwamba zamani sukari ilifichwa chini ya mnanaa na chupa ikapewa umbo la misuli.

Kavuwangu

Le Male ninayo kabatini tangu mwaka nilipooa. Nimetoka kuipuliza mkononi sasa hivi, nikaiacha robo saa kabla ya kujibu. Ni kweli, ipo. Mnanaa ukishaondoka kinachobaki ni vanila na nimekuwa nikiipenda bila kuijua jina. Bado sijasema nitanunua ya tende, lakini hoja yako nimeipokea.

Bi Asumini

Waalaykumu ssalaam mwanangu. Nakuandikia kutoka Mombasa, Mji wa Kale, na umri wangu ni wa bibi yako mdogo, kwa hiyo niruhusu nikurekebishe kidogo na nikuunge mkono sana.

Mpaka ulikuwepo. Lakini haukuwa kwenye sukari, ulikuwa kwenye maua. Asumini ya nywele, kikuba cha mkadi na rehani kifuani, hivyo vilikuwa vyetu wanawake na mwanaume hakuvivaa ila siku ya harusi yake akivishwa koja. Udi, ambari, zafarani na halwaridi vilikuwa vya wote. Sukari ya chetezo haikuwa na mwenyewe.

Na kuna jambo vijana wa leo mmelisahau. Sisi tulifunzwa kwamba mwanamke hatoki njiani na manukato makali. Manukato yake ni ya ndani, ya mumewe na ya wanawake wenziwe kwenye shughuli. Mwanamume ndiye aliyetoka nayo. Ijumaa ukisimama kichochoroni saa sita na nusu, harufu nzito tamu iliyokuwa ikipita ilikuwa ni ya wanaume wakienda msikitini. Kwa hiyo mkubwa wako wa kazi, Mungu amhifadhi, amelishika jambo kinyume. Katika miji yetu, huo utamu wa barabarani ulikuwa wa akina baba.

Mpwani wa Ilala

Bi mkubwa, shikamoo. Nimesoma maneno yako mara tatu. Mke wangu naye nimemsomea, amenyamaza kisha akasema mama yake alikuwa akifanya hivyohivyo Tanga, udi wa usiku tu, mchana hakuna. Hili la wanaume ndio waliotoka nalo njiani sikuwahi kulifikiria, na nimelikuta kweli kila nikikumbuka Ijumaa za utotoni.

Mtu wa Maabara

Naomba niongeze upande wa kemia maana ndiyo kazi yangu, na uzi huu umenifurahisha.

Hiyo "keki" aliyoisikia dada wa mapokezi mara nyingi inatoka kwenye kitu kinaitwa etili maltoli. Ni unga mweupe wa fuwele, unatengenezwa maabara, haupatikani kwenye mmea wowote. Una ndugu yake wa asili, maltoli, anayepatikana kwenye shayiri iliyokaangwa na kwenye sukari inapoungua. Etili maltoli ina nguvu mara 4 hadi 6 kuliko huyo ndugu. Ukifungua kopo lake chumba kizima kinanuka sukari ya pamba, ile ya waridi wanayouza sabasaba. Viwanda vya pipi na vinywaji viliitumia zamani. Kwenye pafyumu iliyoifanya ijulikane dunia nzima ni Angel ya Thierry Mugler, 1992, iliyotengenezwa na Olivier Cresp. Mugler alizaliwa Strasbourg, alitaka harufu ya maonyesho ya utotoni, pipi na karameli. Cresp akaitia etili maltoli nyingi kuliko mtu yeyote alivyothubutu, kisha akaitandikia patchouli chini, jani lenye harufu ya udongo na giza, ili sukari isielee. Hapo ndipo lilipozaliwa kundi lote hili la pafyumu za kulika.

Sasa msome tena mleta uzi alichosema: bibi anaunguza sukari, anaitandikia udi na sandali chini. Sukari inayoungua inatoa maltoli. Mpango ni uleule: utamu juu, ukuni mzito chini ili utamu usielee. Sisemi Cresp aliwahi kufika Pangani. Nasema mikono miwili iliyo mbali ilifika kwenye suluhisho moja, na mkono wa Pangani ulitangulia.

Mengine ya matunda nayo yana historia ndefu kuliko watu wanavyodhani. Mitsouko ya Guerlain, nyumba ya pafyumu ya Ufaransa, 1919, ina harufu ya pichi inayotokana na kemikali moja ya maabara. Shalimar, ya nyumba hiyohiyo, 1925, ina etili vanilini, ambayo ni kali kuliko vanilini ya kawaida karibu mara tatu. Na wazo la chupa moja kwa mke na mume lilienea sana Ulaya na Marekani na CK One, 1994, ingawa hiyo ni ya ndimu na chai, haina sukari.

Zamu ya Usiku

Mimi ni muuguzi, wodi ya watoto. Nasoma kwa raha maana napenda manukato, lakini naomba jambo moja kwa wote. Hizi za sukari hazipotei haraka. Mzazi akija amejipulizia pulizo saba, mtoto mwenye pumu kitanda cha pili anaanza kukohoa kabla baba hajakaa. Nimeliona si mara moja. Mkija hospitali, njooni na sabuni tu. Mkitoka hapo pulizieni mnavyotaka.

Mpwani wa Ilala

Nimelipokea dada yangu, na nimejiuliza kama kule ofisini tatizo halikuwa utamu bali wingi. Niseme ukweli wangu: siku ile nilipuliza mara sita. Shingo pande mbili, kifua, viganja, na moja nywele. Chumba cha watu kumi na wawili bila kiyoyozi. Niliongeza kwa sababu mwenyewe nilikuwa siisikii tena.

Mtu wa Maabara

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Pua ikikaa na harufu moja inaizoea na kuacha kuileta akilini. Wewe huisikii, mwenzako mlangoni anaisikia yote. Usipime kwa pua yako. Muulize mtu aliyetoka nje kuingia ndani.

Halafu joto. Pafyumu inaruka kwa joto la ngozi. Dar mwezi wa pili, ngozi ina jasho na hewa imejaa unyevu, vile vya mwanzo vyote vinaruka kwa mkupuo mmoja: mdalasini, matunda, sukari, vyote ndani ya nusu saa. Kile ambacho Paris ya baridi kingechukua saa tatu, kwako kinakuja kama mlango umefunguliwa. Pulizo mbili zinatosha, chini ya nguo, kifuani. Nguo inazuia, inatoa kidogo kidogo.

Muuza Unyunyu

Wakuu, nipo Kariakoo mwaka wa tisa, kwa hiyo chukueni haya kama ya mtu mwenye duka, mpime wenyewe.

Msinunue kwa karatasi. Ile karatasi ya kunusia inakuonyesha mwanzo tu. Mwambie muuzaji akupulizie mkononi mara moja, ondoka. Tembea mpaka Mnazi Mmoja, kunywa kahawa, rudi baada ya saa moja. Kama bado unaipenda, nunua. Muuzaji anayekasirika ukisema utarudi, huyo achana naye.

Za kupima, yaani yale mafuta tunayomimina kwenye vichupa: jina moja kwenye maduka kumi ni harufu kumi. Mafuta hayo hayatoki kwa wenye jina. Mengine ni mazuri kweli, mimi mwenyewe ninayo ya tende ninayoipenda kuliko nyingi, lakini nunua kwa sababu umeinusa, usinunue kwa sababu ya jina lililoandikwa kwa kalamu. Mafuta hayana spiriti, yanakaa karibu na ngozi, hayapigi mbali. Kwa mtu wa ofisi ndogo kama mleta uzi ni jibu zuri. Hata kwa wale wenye wasiwasi wa kuswali na spiriti mwilini. Masheikh wamehitilafiana juu ya hilo, na mwenye shaka mafuta yanampumzisha.

Jambo la tatu ni feki. Tazama herufi za kwenye boksi, tazama kifuniko kama kina uzito, na hasa tazama pulizo lenyewe. Ya kweli inatoa ukungu mpana laini. Feki nyingi zinatema matone. Na ikinuka spiriti mpaka dakika ya tano, rudisha.

Mpwani wa Ilala

Umenikumbusha maumivu. Chupa yangu ya kwanza niliinunua elfu thelathini na tano kwenye duka moja ambalo sitalitaja. Ilitema matone mpaka nikafikiri nimeishika vibaya. Mdalasini ulikuwepo, tende haikuja hata kidogo, na adhuhuri nilikuwa nanuka kopo tupu. Niliporudi muuzaji aliniambia eti ngozi yangu ndiyo mbovu. Niliamini hivyo miezi mitatu, mpaka mjomba aliponipa pulizo moja kutoka chupa yake aliyokuja nayo kutoka Deira, kule Dubai. Nikasimama pale sebuleni nikanusa mkono wangu mpaka chai ikapoa. Ngozi yangu haikuwa na kosa lolote.

Mhaya wa Vanila

Habari zenu ndugu. Mimi sina pafyumu hata moja ila nimeona neno vanila limetajwa mara nyingi, na vanila ndiyo shamba langu, huku Kagera, ikipanda juu ya mibono kwenye kivuli cha migomba.

Natamani mjue kitu mnachokinusa kinatoka wapi. Ua la vanila linafunguka siku moja tu, asubuhi. Ukichelewa mchana limenyauka na tunda hakuna. Huku kwetu hakuna mdudu wa kulichavusha, kwa hiyo tunalichavusha kwa mkono, ua kwa ua, kwa kijiti chembamba kama cha kiberiti. Unainua kale kangozi kadogo kanakotenganisha dume na jike, unabonyeza kwa kidole gumba, umemaliza, ua la pili. Njia hii aliigundua mtoto wa miaka 12, mtumwa, Edmond Albius, kisiwani Réunion mwaka 1841. Dunia nzima bado inatumia mkono wa mtoto yule.

Kisha unasubiri kama miezi tisa. Na ukilichuma, tunda ni la kijani na halinuki chochote. Unalitia kwenye maji ya moto, unalifunika mablanketi litoe jasho, unalianika juani na kuliingiza ndani wiki nyingi, mpaka liwe jeusi na laini kama mkanda wa ngozi. Hapo ndipo harufu inapokuja. Kilo tano, sita za mabichi zinakupa kilo moja kavu. Msimu wa bei nzuri tunalala shambani kwa sababu ya wezi.

Kavuwangu

Ndugu wa Kagera, hivi kweli hiyo vanila yako ndiyo iko kwenye chupa zetu za bei hizi?

Mtu wa Maabara

Nijibu kwa heshima kwa mkulima. Kwa bei hizo, hapana, kwa sehemu kubwa. Vanilini ya maabara ilitengenezwa kwanza 1874 huko Ujerumani, kutoka kwenye mti wa msonobari, na leo ndiyo inayojaza pafyumu, biskuti na aiskrimu za dunia. Tunda lake lina vanilini kama asilimia 2 tu, lakini lina mamia ya vitu vingine vidogo: moshi kidogo, ngozi, tende kidogo. Pafyumu ya gharama sana inaweza kutia dondoo lake kidogo juu ya vanilini ya maabara ili kuipa uhai.

Mhaya wa Vanila

Nashukuru kwa kusema kweli. Mleta uzi, nitakutumia tunda moja kwa basi. Liweke kabatini kati ya nguo. Unuse kisha unuse chupa yako, uniambie.

Mzaliwa wa Unguja, Maskati

Salaam kutoka Oman. Mimi nimezaliwa Unguja, nimekulia huku, na mada hii iko katikati ya sehemu zote mbili.

Tende na Waswahili hawakukutana dukani. Majahazi ya kaskazi yalikuja Unguja, Mombasa na Lamu yamebeba tende kutoka Ghuba, na kusi ikivuma yakarudi na boriti za mikoko. Vikapu vile vya tende vilinukia bandarini kote. Kwa hiyo huyo anayekuambia harufu ya tende ni ngeni kwa mwanaume wa pwani, mkumbushe walioshusha vile vikapu walikuwa akina nani.

Huku mwanaume kuvaa utamu si jambo la kuulizwa. Dishdasha, yaani kanzu ya Kiomani, ina kishada shingoni, na kishada hicho kazi yake ni kutiwa manukato. Mwanaume akiinama kusalimia, unakisikia. Wengi wanachanganya: bukhuri kwenye nguo kwanza, mafuta ya udi shingoni, kisha juu yake pulizo moja la kitu kitamu kama hiyo Khamrah. Udi unaikamata tende, tende inaulainisha udi. Jaribu ukiwa na kahawa chungu mkononi, utaelewa. Tende bila kahawa inachosha, na pafyumu ni hivyohivyo. Ndiyo maana mwaka 2023 wenyewe walitoa Khamrah Qahwa, ya kahawa.

Juu ya jina, kuna watu linawakwaza kwa kuwa khamra kwa Kiarabu ni mvinyo. Wengi wanaifananisha na Angels' Share ya Kilian ya 2020, ambayo ni konyaki, mdalasini na mwaloni, na Kilian mwenyewe ni wa ukoo wa Hennessy wa konyaki. Lakini Sudan neno la mzizi huohuo, khumra, ni jina la manukato ya mafuta ya wanawake walioolewa, yanafungiwa kwenye chombo yakae yaive. Kwa hiyo mwenye nia ya mvinyo na mwenye nia ya manukato kila mmoja ana lake.

Mpwani wa Ilala

Naleta mrejesho, wiki tatu baadaye.

Nimeshuka mpaka pulizo mbili, kifuani, ndani ya fulana. Ofisini hakuna aliyeuliza keki. Mkubwa wangu wa kazi juzi alisimama nyuma ya kiti changu tukiangalia mahesabu, akasema, "Leo kuna mtu kafukiza udi hapa?" Nikamwambia ni mimi, nikamweleza habari ya babu na kikapu na chetezo. Akavuta kiti akakaa. Kumbe baba yake alikuwa nahodha wa jahazi Kilwa, na alikuwa na sanduku la mbao lenye kipande cha ambari ndani. Tumezungumza mpaka saa ya kufunga.

Tunda la vanila limefika. Ndugu wa Kagera, nimelinusa usiku taa zimezimwa ili macho yasinidanganye. Chupa inanuka kitu kilichokwisha kupikwa. Lako linanuka kitu kinachoendelea kuishi. Nimeliweka kati ya kanzu.

Ila nina msiba mdogo. Hiyo kanzu ya Idi, nyeupe, ya poplini, nilipuliza moja kwa moja kifuani. Baada ya kukaa kabatini imetoka madoa ya rangi ya chai, mawili, ukubwa wa shilingi. Nimefua mara mbili hayatoki.

Mtu wa Maabara

Hiyo ni vanilini, pole sana. Ikikutana na hewa na mwanga inageuka kahawia, na ndiyo maana hata pafyumu yenyewe chupani inazidi weusi kadiri inavyokaa. Weusi huo si dalili ya feki wala ya kuharibika. Lakini kwenye kitambaa cheupe haisamehe. Usiipige pasi kabla doa halijatoka, joto linalikaza.

Bi Asumini

Kanzu nyeupe haipuliziwi mwanangu. Hufukizwa. Moshi hauachi doa, na unaingia ndani ya uzi usitoke mpaka ifuliwe. Bibi yako alijua alichokuwa akifanya na kile kikapu.

Mpwani wa Ilala

Bi mkubwa, sufuria ya shaba ya bibi ninayo, imekuja kwangu alipofariki, na mpaka leo haijapikiwa chakula. Nifundishe udi, kama hutajali kuandika.

Bi Asumini

Sijali hata kidogo, furaha yangu.

Vijiti vya udi kata vidogo, urefu wa ukucha, viloweke kwenye maji ya mawaridi usiku kucha. Asubuhi vichuje, maji usimwage. Vijiti vikiwa kikombe kimoja, sukari nusu kikombe. Wengine hutia sawa kwa sawa, lakini udi wao ukitiwa motoni hutoa moshi wa jikoni. Sukari na yale maji ya mawaridi weka kwenye sufuria, moto mdogo wa makaa yaliyopungua, si gesi ya kuwaka. Koroga upande mmoja tu. Povu litakuwa kubwa kwanza, kisha litakuwa dogodogo na zito, na rangi itakuwa ya asali mbichi. Hapo tia vijiti na vijiko viwili vya unga wa sandali. Koroga mpaka kila kijiti king'ae.

Mafuta mazuri, ambari na halwaridi, usiyatie motoni, yatakukimbia yote. Shusha sufuria kwanza, hesabu mpaka hamsini, ndipo uyatie, na ufunike haraka. Kama una ile tende yako ya chupa, pulizo tatu hapo zinaingia vizuri, mjukuu wangu amejaribu na nimeupenda.

Tandaza kwenye sinia iliyopakwa mafuta, ukae kivulini siku mbili, kisha kwenye kopo la kufunga vizuri, usiufungue mwezi mzima.

Na rangi ya asali usiipite. Ikishaanza kuwa ya kahawa, sukari imeshakuwa chungu na hakuna mafuta yatakayoificha. Mwaga, osha sufuria, anza upya.